Usiliruke Dungu Langu

Mvua ile ilipotupiga hapa Mabela, Maskati, wadi, ule mto mkavu wa mlimani, ilishuka mpaka ikaburura mapipa ya taka na gari ya mtu, na wajukuu zangu wakapanda darini wanapiga kelele kama wameona tembo. Kila mmoja na simu yake, anapiga picha maji. Mkubwa wao ni injinia wa maji serikalini, nami najivunia hasa, lakini siku ile alikuwa mtoto kama wenziwe, suruali kaikunja, anawaeleza wadogo zake maji yanatoka mlima gani. Mimi nimekaa zangu jikoni nachagua mchele, maana mvua haijapata kumzuia mtu kula.

Binti anayetusaidia kazi, Mwindonesia, akachungulia dirishani. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mama, hii maji?" akaniambia kwa ule mchanganyiko wake wa Kiarabu na Kiswahili alichokiokota hapa hapa jikoni kwangu. "Hii maji ya kuku, Mama. Kuku anywe, khalas, basi."

Akafuta mikono, akanionesha kwao kwenye simu. Mto mpana, rangi ya chai ya maziwa. Nyumba za mbao zimesimama juu ya miguu ya miti kama korongo. Mtoto anapiga kafi kwenda skuli, mkoba mgongoni. Nyuma ya nyumba mpunga, na katikati ya mpunga kijibanda kimeinuliwa juu, kamba zinatoka pale kwenda kila upande, zimefungwa makopo. Mtoto yuko juu anavuta kamba, makopo yanalia, ndege wanaruka.

Mwenzangu, sinia ya mchele niliiweka chini.

"Hilo dungu," nikasema. Yeye hakujua dungu ni nini, ana jina lake la kwao.

Akanieleza khabari za pale. Vijana wameondoka, wengine wako mashamba ya mawese, wengine kama yeye wanafua nguo za watu Ghuba. Skuli imebaki na watoto wachache, mwalimu mmoja. Maji yanaingia ndani kila mwaka, na kila mwaka yanakaa zaidi kabla ya kutoka. Serikali imewapa viwanja mbali na mto, wote wamekubali isipokuwa mama yake, ambaye kila akiambiwa anajibu kwamba mumewe amekufa pale na anamjua pale, atamjuaje kwengine?

"Nimfanyeje, Mama?"

Nikamwambia, kaa kitako. Mchele utajichagua wenyewe.

Watu hapa Maskati wakisikia sisi ni Waarabu tuliotoka Afrika wanadhani sote tulikuwa na karafuu na majumba ya mawe. Sisi tulikuwa na duka la bati kwenye ukingo wa Rufiji. Baba akiuza chumvi, mafuta ya taa, viberiti na kanga, na kila aliyekopa akimkasirikia. Mama yangu alikuwa mtoto wa pale pale mtoni, na mama yake, yaani bibi yangu, alikuwa na shamba la mpunga bondeni. Kwa kuwa mama alikuwa na vichanga vya kulea, mimi masika yote nilikuwa kwa bibi, dunguni.

Dungu ni nyumba iliyopanda juu. Nguzo ndefu, sakafu ya fito, paa la nyasi, na kwenye pembe moja udongo umekandikwa kuwa meko, ili upike bila ya kuunguza ulipokaa. Mto ukijaa, maji yanakuja kukaa chini yako kama mgeni asiyebisha hodi. Mtumbwi unafungwa kwenye ngazi. Usiku unasikia maji yanapita baina ya nguzo yakinong'ona, na viboko wanakoroma karibu mpaka unadhani ni babu yako. Tukila ugali na kambare wa moshi, na mpunga ukianza kutia maziwa tunakula pepeta. Hujui pepeta? Pole yako. Mpunga mchanga unakaangwa chunguni, unatwangwa ungali moto, unakuwa bapa bapa, ukitia nazi na sukari huwezi kusema na mtu mpaka umalize.

Kazi yetu watoto ilikuwa ndege. Asubuhi mpaka jua kuzama, teo, yaani kombeo, mkononi, unatupa udongo na unapiga kelele. Koo langu liliumbwa kule. Hata leo nikipiga simu wanangu husema, "Mama, simu ipo, huna haja ya kumfikishia kwa mdomo."

Na jioni kulikuwa na kupokezana. Kabla ya maghrib, mzee mmoja aliyekuwa na dungu la juu kabisa mtoni, sauti yake kama ngoma, akiita, "Nipooo! Weweee?" Dungu linalofuata linaitika, "Nipooo! Weweee?" Linapokea la tatu, hivyo hivyo sauti inashuka na mto, dungu kwa dungu, mpaka la mwisho kule chini ambako wanapiga debe. Debe likilia, sote tumetimia, watu wapike. Lakini dungu likiitwa mara tatu lisiitike, aliyeita ndiye anapiga debe, tena kwa fujo, na hapo kila mwenye mtumbwi anashuka. Hakuna wa kuuliza kwa nini, hakuna wa kusema nimechoka. Bibi yangu akisema: anayeitika ni wa Mungu, anayenyamaza ni wa watu.

Dungu lililotutangulia sisi lilikuwa la jirani. Mwanamke mpana, mjane, mwenye ulimi wa pilipili, na mtoto wake mmoja wa kike, kanizidi mimi kidogo tu. Huyo ndiye aliyenifundisha kutupa teo. Alikuwa na pengo la jino la mbele, akipiga mluzi kwa pengo lile mpaka mbwa wa ng'ambo wakaitikia. Na "nipo" yake ilikuwa haifiki moja kwa moja, ilivunjika katikati kama ya mwanambuzi. Nilikuwa namwiga kumuudhi. Naye akiudhika alinitupia udongo kwa teo, na hakuwa akikosa.

Jioni moja jirani alikuwa ng'ambo, msibani kwa jamaa zake, kamwacha mtoto dunguni. Mzee akaita. Kimya. Akaita tena. Mimi nikacheka, nikidhani anatuchezea. Mara ya tatu debe likalia.

Tulikuta dungu tupu. Chungu kiko mekoni, moto haujazima. Ngazi imelowa. Kama ni mamba, kama ni maji, hakuna aliyejua mpaka leo. Wanaume walipiga mbizi, wakaburura nyavu, mto haukumrudisha. Jirani aliporudi alikwenda kwa kila mtu, mmoja mmoja, na swali moja: "Mlitazama vizuri?" Kila mtu akaapa. Hakumwamini hata mmoja. Tukasoma hitima isiyo na kaburi.

Siku zile mzee wa juu akaanza kuliruka dungu lile, akiita moja kwa moja kwetu. Siku ya pili yake jirani akaja kwa bibi, akasimama ndani ya maji mpaka magotini, hataki kupanda.

"Kamwambie mzee, usiliruke dungu langu," akasema.

"Nani ataitika, mwanangu?"

Akaninyooshea kidole. "Huyo. Anamwiga vizuri. Nilikuwa nikimsikia."

Bibi akanivuta karibu yake. Kisha akasema haya, mpaka arubaini ipite. Basi mzee akiita, mimi naitika kwanza kwa sauti iliyovunjika katikati, halafu naitika kwa yangu. Jirani alikuwa amehamia nyumbani kwake kijijini, ukingoni, na jioni ile ile akakaa barazani kusikiliza. Sauti husafiri juu ya maji. Asubuhi yake akaniletea pepeta kwenye bakuli la mwanawe.

Arubaini ikapita. Hakuna aliyesema basi. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimwambia bibi kwamba haifai, tunamfunga marehemu. Bibi akamjibu, "Mwalimu, unayo dua ya kumlaza usingizi yule mama? Soma basi, na mimi ntamnyamazisha mtoto." Mwalimu akaondoka na kanzu yake.

Ntakwambia kweli, mwanzo nilijiona. Mtoto gani hapendi kuambiwa anaweza? Lakini ilifika pahala ile sauti hainingoji. Mzee hajamaliza kuita, inatoka. Na yangu mimi, ile ya pili, ikawa inachelewa, inakuja nyembamba kama ya mgonjwa. Bibi aliliona hilo. Usiku akinipaka mafuta ya nazi kooni na kunisomea.

Masika ya pili mto ulikuja na hasira. Kila asubuhi kipago kimoja cha ngazi kinapotea. Serikali ilikuwa imekwisha sema watu wapande juu, mlimani, huko watapata skuli na dawa, na watu walikuwa wanavuta miguu kwa ajili ya mpunga. Mwaka ule mto ukawamalizia ubishi. Nyumba zikaanza kulala moja moja. Watu wakahamisha wazee, kuku, magodoro. Baba akafunga duka. Jirani akakaa barazani kwake, maji yanagusa miguu yake.

"Mwanangu anaitika kila siku," akawaambia. "Nimwache na nani?"

Wakaenda wanaume wanne kumbeba. Aliikumbatia nguzo ya nyumba na akamng'ata baba yangu mkono mpaka damu.

"Nenda zako wewe Mwarabu wa chumvi!" akamwambia. "Kabebe magunia yako, mimi si gunia!"

Baba alirudi anacheka na kulia pamoja. Ukuta wa nyumba yake, alisema, umeanza kupumua. Usiku huo hautauvuka.

Bibi akaingia mtumbwini, akaenda kwa mzee wa juu, akaenda kwa baba, wakasema waliyoyasema. Aliporudi alinikalisha mbele yake.

"Leo jirani akiitwa, usiitike."

"Atasikia kimya, bibi."

"Ndivyo nnavyotaka. Maneno yangu hayakumtoa, mikono ya baba yako haikumtoa. Kimya kitamtoa."

Mzee akaita, "Nipooo! Weweee?" Sauti ikanipanda kooni kama kichefuchefu. Nikaing'ata kanga. Akaita tena. Nikaona ndege wametua kwenye mpunga uliozama nusu, nami siwafukuzi. Mara ya tatu nilijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, na bibi akanishika kisogo. Debe likalia.

Mitumbwi ilitoka kila upande, kama ilivyo desturi, na wa mwanzo alikuwa jirani mwenyewe. Mtumbwi wa baba ulikuwa unangoja mlangoni kwake, akaruka ndani yake, hakuuliza ni wa nani. Upondo wa kusukumia anao baba, yeye alichukua ungo wake wa kupepetea na kupiga nao maji mpaka ukapasuka. Sisi tulikuwa karibu, tukafika mbele yake, tukajishikiza kwenye nguzo za dungu lake.

Alipanda ngazi na uzito wake wote. Nikamwona amesimama pale juu. Meko yamefanya ukungu. Mkeka umeliwa na panya. Akainua mkeka, akatazama chini yake. Akashika kila nguzo. Akatazama vizuri, mwenzangu, yale aliyotuuliza sote, sasa akayafanya mwenyewe.

Kisha akamwita mwanawe kwa jina. Akageuka akanitazama mdomo.

Sijapata kutazamwa vile maisha yangu, na nimezaa, nimezika mume, nimevuka bahari. Alinitazama mdomo kama mtu anavyotazama mlango. Akaita tena, polepole, kama anayemwamsha mtoto. Bibi kanishika kisogo. Sikuitika.

Alikaa kwenye sakafu. Alikaa mpaka mitumbwi yote ikawa imetuzunguka. Halafu akashuka mwenyewe, kipago kwa kipago, akakaa ndani ya mtumbwi wa baba, mgongo kauelekeza kijijini. Baba akashindilia upondo, na mitumbwi yote ikafuata kwenda mlimani. Haikurudi nyuma. Asubuhi vijana walioteremka kutazama walisema nyumba yake haina hata alama ya msingi.

Kule juu tulipata skuli na njaa. Ardhi nyekundu, mihogo kama vidole vya mzee, maji ya kisima yana chumvi. Walioahidiwa mengi walipata kidogo, na siwezi kusema hawakupata kitu: watoto waliacha kufa kwa homa, na vijana walijua kusoma, wakasoma mpaka wakaondoka. Ndiyo hesabu ya kwetu: ukimwelimisha mtoto humwoni tena.

Mimi skuli ilinishinda siku ya mwanzo. Mwalimu kijana, mgeni wa bara, asubuhi anaita majina, na kila mtoto anaitika, "Nipo!" Lilipofika jina langu mdomo ukafunga. Akaniita tena, nikaziba kwa mikono. Akaniandika sikuja. Siku baada ya siku sikuja, na mimi nimekaa mstari wa mbele. Mwisho akanichapa kwa utoro, huku kanishika mkono.

Jirani alikuwa akiuza maandazi nje ya skuli. Tangu tupande mlimani hakuwa amesema nami, na mimi nikimwona napita njia nyengine. Asubuhi hiyo akaingia darasani na sinia kichwani.

"Mwalimu, huyu kakosa nini?"

"Mtoro huyu, mama. Hajafika hata siku moja."

"Na huyo uliyemshika mkono ni nani? Shangazi yake?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akaanza kutafuta heshima yake. Jirani akatua sinia juu ya meza yake, juu ya madaftari.

"Muite tena."

Akaniita. Nilitazama chini. Na yeye jirani, kutoka kifuani kwake kule kupana, akaitika, "Yupooo!" mpaka popo wakaruka kwenye paa. Kisha akainama, akanishika kidevu, ananuka mafuta ya kukaangia.

"Mwanangu ulimnyamazia kwa kuwa hayupo," akasema. "Wewe upo. Usinitafutishe watu wawili."

Akajitwika sinia, akatoka, na andazi moja akamwachia mwalimu bure, alivyomhurumia. Kesho yake nikaitika. Nilifika darasa la tatu, baba akatuchukua kuja Oman, na hizo ndizo herufi nnazokuandikia leo.

"Na alikusamehe, Mama?" binti wa Kiindonesia akaniuliza. Mchele ulikuwa bado hapo.

"Hakusema, na mimi sikumuuliza. Alinihesabu. Yatosha."

Akachukua simu yake akatoka nyuma, kwenye kamba za nguo. Nilimsikia anazungumza na mama yake, sijui wanasema nini, ila sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo kama ya mtoto anayeomba. Sikumuuliza. Si kila kitu mtu anakiuliza.

Tulipofika Maskati baba alitushusha kwanza Qantab, kwa jamaa zake wavuvi. Maghrib ya mwanzo nilikaa ufukweni nikingoja. Sikujua nangoja nini, mpaka mwili wenyewe ukakumbuka ndio wakati wa mzee kuita. Hakuna aliyeita. Basi nikaanza mimi, "Nipooo! Weweee?" Majabali ya Qantab yakanirudishia, na ilipofika kwangu ilikuwa imevunjika katikati. Nilikimbia bila ya viatu. Tangu siku hiyo sijaita tena pahala popote.

Sasa wanangu wametawanyika, Nizwa, Suhar, mmoja Uingereza. Kila asubuhi wananitumia maua kwenye simu kuonesha wapo. Mmoja akinyamaza wiki nzima wenziwe husema ana kazi nyingi. Hakuna wa kupiga debe. Mwanangu mmoja alikwenda Rufiji mwaka mmoja kunitazamia, akaniambia mto umehama njia, pale penye madungu pana mchanga na majani marefu, na vijana aliowauliza hawajapata kusikia watu wakipokezana. Mzee wa juu kafa, bibi kafa, jirani naye kafa mlimani akiwa mkongwe, ulimi wake mkali vile vile, nimeambiwa.

Hakuna aliyebaki anayejua yule mtoto alivyokuwa akiitika. Mimi tu. Iko hapa kooni, nzima, na mara nyengine nikiomba dua naisikia inataka kutangulia. Simfukuzi. Siku watakaponizika hapa Maskati, wanangu watadhani wanamzika mtu mmoja. Na yeye atakuwa kapata kaburi.